Dakika Nne Chini ya Boga

Ijumaa, 7 Machi

Futari Likoni, kwa kina Asmaa. Nimerudi nimeshiba, tena nimejiponza.

Posa yetu wanayo tangu Rajabu. Baba yake, Mzee Hashim, hajasema ndiyo wala hapana. Mtu mpole, hula polepole, husikiliza. Nikaona leo ndiyo siku ya kujipigia debe. Maneno yalikuwa ya vijana wa siku hizi, wanavyonyang'anywa simu njiani wakatazama tu. Nikasema mimi simo. Mimi nacheza jujitsu, ile mieleka ya Kibrazili ya kubanana chini, huu mwaka wa tano. Mkanda wangu wa kahawia, juu yake ni mweusi tu. Uongo mtupu! Maishani sijacheza hata bao. Lakini ulimi ulikwisha teleza, nikamalizia kabisa: hajazaliwa wa kunilaza chali mimi nisiinuke.

Kaka yake Asmaa, Boga, alikuwa ameinamia sahani yake ya muhogo wa nazi. Boga huuza samaki kwa jumla. Kilo mia na kumi bila viatu. Akainua uso. Akasema kumbe! Yeye naye hucheza mchezo huo huo, huko huko Kisauni, si mbali na duka langu. Mwaka wa tatu, angali mkanda wa samawati. Angefurahi sana kufundishwa na mkubwa wake.

Mzee Hashim akafuta mikono. Akasema Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili wachezaji wenzake Boga wanafuturu pamoja ukumbini kwao, na yeye na mkewe Bi Mwanatabu wamealikwa. Basi kabla ya futari Boga anikalie, na wao waone nikitoka. Jawabu la posa atalitoa siku hiyo hiyo. Boga akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba asiyesema kweli juu ya mgongo wake hawezi kusema kweli juu ya dada ya mtu.

Asmaa alikuwa nyuma ya pazia na mamake. Nilisikia kikombe kikianguka.

Siku kumi na tano. Zatosha. Akili ni mali.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua vazi la mazoezi. Limekuja na mkanda mweupe, wa wanaoanza. Nikauchemsha kwa kahawa tungu, sufuria nzima, ukatoka kahawia safi. Raihana, dada yangu, tunayeuza naye nafaka dukani, aliuliza kama siku hizi tunapika mikanda. Watu wengine hawana upeo.

Ukumbi uko ghorofani, juu ya duka la vyuma. Mwalimu ni Bramwel, mtu wa bara, Mkristo. Lakini mwezi huu hanywi maji mbele yetu, na adhana ya Magharibi ikilia msikiti wa nyuma, yeye ndiye husimamisha kila kitu na kugawa tende kwa mkono wake. Akautazama mkanda wangu. Akauliza nimepewa na nani. Nikasema na mwalimu wa Maskati, ambaye sasa ni marehemu. Akasema pole sana, buda.

Boga akanilaza chali, akanikalia tumboni. Jamani! Nilidhani gunia. Gunia halikufuati ukisogea. Boga hukufuata.

Mwalimu akaeleza namna ya kutoka. Shika mkono wake mmoja uubane kifuani pako. Ufunge mguu wake wa upande huo huo kwa mguu wako. Inua kiuno juu sana. Kisha mgeuze upande huo, maana hana tena mkono wala mguu wa kujizuilia. Ni hayo tu, akasema, lakini uyafanye mara mia tano. Mara mia tano! Mimi nilikwisha anza kuwaza njia ya mkato, kwa hivyo nusu ya maelezo ilinipita.

Aliyeshindwa hugonga mkeka mara mbili, mwenzake amwachie. Leo nimegonga mpaka kiganja kimevimba. Boga alipoinuka mikono yake ilikuwa na rangi ya kahawa. Akainusa. Hakusema kitu. Hicho ndicho kinachoniudhi kwa Boga.

Kuna mwingine pale, Hussam, fundi wa saa, kijitu cha kilo hamsini na miwani. Ametoka chini ya Boga mara tatu. Miwani hata hakuivua, aliifunga kwa uzi. Yule anajionyesha.

Jumanne, 11 Machi

Mafuta ya nazi! Samaki kibua huwezi kumshika kwa sababu anateleza. Mtu naye ni vivyo hivyo. Nikajipaka kopo zima, shingo mpaka nyayo, nikavaa vazi langu juu.

Boga akanikalia. Nikasukuma. Kweli, niliteleza. Niliteleza kwenda mbele, kichwa kikatokea chini ya kwapa lake kikakwama huko. Nikagonga. Boga akasema nanukia kama wali wa harusi, na kwamba huu si wakati wa kumtamanisha mtu aliyefunga.

Mwalimu hakugomba. Alinipa ndoo, sabuni na brashi. Nimesugua mikeka yote ishirini na minne, mimi na saumu yangu, koo kavu kama jivu. Hussam akanisaidia miwili. Sikumwomba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua kuzoea uzito. Nyumbani, bila macho ya watu. Gunia moja la mchele kilo hamsini. Mawili ni karibu Boga. Adhuhuri Raihana alipokwenda kusali nikajilaza nyuma ya kaunta, nikavuta gunia la chini la ile safu ya mbele. Lilikuja. Likaja na wenzake wanne.

Sikuweza hata kugonga. Ningemgongea nani?

Akaingia mteja, Bi Mwanarusi, jirani yetu. Nikasikia shikamoo yangu mwenyewe ikitoka nyembamba chini ya mchele. Akasema marahaba, uko wapi? Nikasema nipo, napumzika, saumu imenilemea. Akataka kilo mbili za mbaazi. Nikamwelekeza ziliko, akajipimia, akachukua mfuko, akaniombea afya. Aliondoka bila kuniuliza mbona nimejifunika magunia. Watu wa mtaa huu wamekwisha nizoea.

Raihana alirudi baada ya nusu saa. Akalitoa gunia moja moja, akicheka kwa kila moja. Akaniuliza kwa nini nisijifunze tu namna anavyofundisha mwalimu. Nikamwambia kujifunza ni kwa wasiokuwa na mpango.

Jumamosi, 15 Machi

Allahu akbar! Nimepata!

Leo Boga alikuwa juu yangu kama kawaida, nami nishachoka, nimelala nahesabu mapanga boi ya dari. Mara adhana ya Magharibi. Papo hapo Boga akalegea. Mwili mzima! Magoti, mikono, pumzi. Mtu wa kilo mia na kumi akawa mwepesi kama mto wa sufi. Nikajisukuma, nikatoka. Nikapiga ukelele kwamba nimetoka!

Boga, tende mdomoni, akasema sikutoka, nimeachiwa. Mwalimu akasema ni kweli, hiyo haihesabiki. Haidhuru. Nimeijua dawa yake. Boga hasukumiki wala hatelezi, lakini ana hofu ya Mungu.

Taabu ni moja. Siku ya tarehe ishirini na mbili, mwalimu amepanga pambano letu liwe la dakika tatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba mpaka na nusu, ili watu wapate kunawa kabla ya futari. Adhana itanikuta nimekwisha shindwa.

Isipokuwa adhana itangulie.

Jumanne, 18 Machi

Shughuli nyingi leo.

Asubuhi nikapita kibandani kwa Hussam. Alikuwa na kioo chake jichoni, ameifungua saa ya mtu. Nikamwuliza, kwa kuzugazuga, Magharibi ya Jumamosi itaingia lini hasa. Akasema saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu. Saa ya Hussam haikosei. Hata muadhini humpitia kusawazisha yake. Kisha akaweka vifaa chini, akasema kama nataka atanifundisha ule mgeuko. Jioni mbili zatosha. Hataki chochote, thawabu tu. Nilimshukuru. Nikamwambia nina haraka.

Adhuhuri ujumbe wa Asmaa. Anasema kakake anajua habari za mkanda tangu siku ya kwanza, aliirudisha harufu yake mpaka Likoni. Anasema Boga hataki nimshinde, anataka niseme kweli tu: kwamba ndio naanza. Nikisema hivyo mbele ya baba yake yamekwisha. Anasema tafadhali, Nawaf.

Moyo uliniuma kidogo. Nampenda Asmaa, Mungu shahidi. Lakini nitasimamaje mbele ya Mzee Hashim niseme nilichemsha mkanda? Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nikatia na picha ya ua.

Magharibi nikapanda juu ya paa la duka na Raihana, simu mkononi, nikairekodi adhana ya msikiti wetu. Sauti yenyewe ya muadhini, na kunguru wake, na kila kitu! Imetoka vizuri hata nikashindwa kujizuia, nikamweleza Raihana mpango wote pale pale juu, simu ingali imeinuliwa. Nitaazima spika yake ya kusikilizia taarabu. Nitaificha dirishani, upande wa msikiti. Simu nitaitega, italia yenyewe saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa. Boga atalegea, nitampindua, wazee wataona.

Raihana akauliza na wenye saumu je? Nilisita, sisemi uongo. Lakini maneno ya adhana yote ni ya kweli. Ni wakati tu utatangulia, dakika nne. Na kabla mtu hajatia kitu kinywani nitapiga ukelele kwamba bado. Raihana akasema yeye hayumo. Akanipa spika lakini. Ndiyo udugu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa mnyonge.

Mambo yalianza vizuri. Ukumbi umefagiliwa, busati limetandikwa, masinia yamepangwa: tende, kaimati, sambusa, viazi vya karai, mbaazi za nazi za Bi Mwanatabu. Mzee Hashim amekaa kwenye kiti cha pekee, kofia mpya. Asmaa na mamake upande wa pili. Spika yangu imetulia dirishani nyuma ya taulo la mtu.

Boga akanikalia. Mwalimu akapiga kofi. Dakika ya kwanza nilitulia. Mzee Hashim alifikiri ni ustadi. Dakika ya pili ikaanza, nami nikiomba dua zote nizijuazo.

Ikalia.

Boga akalegea! Nikaushika mkono wake nikaubana kifuani. Mguu wangu, wallahi sikuutuma, wenyewe ukaufunga mguu wake. Nikainua kiuno, nikageuka. Boga akaenda! Kilo mia na kumi zikapaa, zikatua chali, ukumbi ukatikisika, na mimi nikawa juu. Mimi! Nikasimama, nikainua mikono, nikawageukia mashahidi wangu.

Migongo mitupu. Wote walikuwa wamegeukia masinia.

Hakuna aliyeona! Mzee Hashim alikuwa anapokea tende kutoka mkononi mwa mwalimu. Bi Mwanatabu ana sambusa. Vijana wamekwisha vamia viazi. Nilikuwa nimeahidi kupiga ukelele kwamba bado, sikuusahau, lakini furaha na njaa ni vitu vibaya vikikutana. Nilipofungua kinywa nipige ukelele, tayari kilikuwa na kaimati mbili. Sijui zilifikaje.

Mmoja tu hakula. Hussam. Amesimama na tende yake mkononi, anaitazama saa. Akasema ngojeni. Hakuna aliyengoja.

Adhana ikaisha. Dirishani kukawa na kunguru kidogo. Kisha ikatoka sauti yangu, wazi kabisa, spika nzuri ile: Raihana, umesikia? Boga akisikia hivyo tu atalegea, nami nimpindue. Dakika nne haziui mtu.

Mtu akaacha kutafuna. Na hapo, nje, juu ya mapaa, muadhini wa kweli akaanza.

Sijapata kuisikia adhana nzuri kama ile, wala niliyotamani zaidi isiwepo. Watu kumi na mmoja tumekaa na vinywa vimejaa, hatujui tumeze au tuteme. Hussam akasema bismillahi, akala tende yake.

Laiti wangenipiga. Mzee Hashim hakupandisha hata sauti. Alisema ana miaka sitini na tisa, na tangu alipoanza kufunga hajala mchana wa Ramadhani hata siku moja, ila alipolazwa hospitali. Leo amekula. Ataifunga tena siku hii baada ya Idi, na kila aliyekula ataifunga pamoja naye, nyumbani kwake Likoni, na futari ya siku hiyo nitaipika mimi. Habari ya posa hakuigusa. Mwalimu Bramwel alikuwa ameinama. Yeye ndiye aliyempa mzee ile tende kwa mkono wake. Hilo limenichoma kuliko yote.

Boga aliokota taulo, akanipa spika yangu.

Jumapili, 23 Machi

Nimepachikwa jina. Muadhini. Mteja wa kwanza leo aliuliza kama dukani kwangu Alasiri imeshaingia. Wa pili akauliza Idi ni lini, ili ajue kuniepuka.

Jioni ujumbe wa Asmaa. Anasema babake hana hasira, ana huzuni, na hiyo ni mbaya zaidi. Anasema yeye naye alikula sambusa nusu kwa ajili yangu. Kisha, mstari wa chini: yeye alikuwa ananitazama. Aliniona nikimpindua Boga. Akasema ulikuwa mgeuko mzuri, Nawaf, kwa nini uliuharibu?

Nimeusoma mara nane. Nimelia kidogo, nyuma ya magunia.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tumeilipa ile siku. Likoni, watu kumi na mmoja. Mwalimu Bramwel alikuja pia, amefunga kutwa. Tulimwambia yeye haimhusu. Akasema tende aliitoa yeye.

Nilipika tangu Adhuhuri. Mbaazi, mahamri, samaki wa kupaka. Samaki aliungua upande mmoja, nikampakua kwa upande wa pili. Bi Mwanatabu alipita na sinia tupu, akakusanya simu zetu zote, na yangu akaizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha Boga akatandika mkeka uani, akaniita. Akanilaza, akanikalia. Babake kitini, Asmaa mlangoni. Sina mafuta, sina spika. Nikashika mkono nikaubana, nikaukosa mguu. Nikainua kiuno; Boga hakujua hata kama nimekiinua. Nikajaribu tena. Na tena. Pumzi zikaniisha, nikamtazama Boga usoni, naye ananitazama tu, anangoja. Hangoji nigonge. Ghafla nikachoka. Si tumbo, ni moyo uliochoka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: mkanda ni kahawa. Maskati sijafika. Sikuwahi kucheza kabla ya mwezi wa Ramadhani, ndio naanza.

Boga akainuka hapo hapo. Akanipa mkono, akanivuta nikasimama. Akasema ilikuwa rahisi hivyo tu tangu ile Ijumaa. Mwalimu Bramwel akatoa mfukoni mkanda mweupe, akanifunga mwenyewe.

Na baada ya Magharibi, Magharibi ya saa ya Hussam, Mzee Hashim akala tende, akanywa maji, akasema posa imekubaliwa. Harusi Mfunguo Tatu, inshallah. Vigelegele! Asmaa akakimbilia ndani. Mimi nikakaa chini. Nilijiambia, Nawaf, umeona? Kweli haina gharama. Kuanzia leo ni kweli tupu.

Kahawa ikaletwa. Tukatulia. Mzee Hashim, kwa kuzungumza tu, akasema mkwezi wake ameteguka mguu, minazi ya nyuma ya nyumba imejaa nazi, na hajui nani ataipanda kuziangua. Hakumwuliza mtu. Watu wakawa kimya, wanakunywa kahawa. Kimya kirefu. Mimi siviwezi vimya vya namna hiyo.

Nikasikia sauti inasema hajazaliwa mnazi wa kunishinda mimi. Sauti ilikuwa yangu.

Boga akainua uso kutoka kwenye sahani ya samaki.

Ni Jumapili asubuhi, wakwe wote watakuwepo. Minazi mitatu. Mfupi ndio unaopita nyumba. Nimempigia Raihana, nimemwuliza ile gundi yetu ya kunasia panya imebaki kiasi gani, na kama inaweza kupakwa chini ya viatu.

Siku tatu. Zatosha.